Valvu nane, amri moja: shajara ya mradi wa umwagiliaji, Hombolo, Dodoma

Jumamosi, 7 Juni 2025

Mvua ziliisha Aprili, na shamba la zabibu la baba mdogo sasa linategemea kisima. Pampu ya sola inajaza tangi la lita 10,000, tangi linalisha mipira ya matone katika vipande vinane, na kila kipande kina valvu yake. Mwaka jana zilikuwa koki za mkono. Mwaka huu nimefunga valvu za solenoidi ya kushikilia: pigo fupi la umeme linafungua, pigo la kinyume linafunga, na katikati hazili umeme wowote.

Vifaa ni bodi kumi na mbili za ESP32, chipu ndogo ya kompyuta yenye redio ndani. Moja iko kwenye kibanda cha pampu, hiyo naiita kiongozi. Nane zinaendesha valvu, tatu zinapima unyevu wa udongo. Shambani hakuna Wi-Fi, kwa hiyo zinaongea kwa ESP-NOW: chipu kwa chipu, bila ruta, kila fremu (kifurushi kimoja cha data) isiyozidi baiti 250 katika toleo lake la kwanza.

Leo nimejaribu amri muhimu kuliko zote, ile ya "maji yamepungua, fungeni". Kiongozi anaziita moja moja na kusubiri jibu. Nodi (yaani bodi) ya tano haikujibu haraka, akarudia, foleni nzima ikasimama. Valvu za mwanzo zilipofunga, presha yote ikakimbilia vipande vilivyobaki wazi na viunganishi viwili vikachomoka. Baba mdogo alikuwa amesimama pale na ndoo. "Mwanangu, unawaita kama mwalimu na rejesta. Huwezi kupiga kengele wakasikia wote?"

Kweli. Nahitaji kengele.

Jumatano, 11 Juni

Kengele ipo: ukituma kwenye anwani FF:FF:FF:FF:FF:FF, kila nodi ya chaneli hiyo inasikia. Fremu moja badala ya nane. Nimejaribu mezani, taa nane zikawaka kwa pamoja, nikafurahi kama mtoto.

Furaha ilidumu mpaka nilipofungua nyaraka. ESP-NOW inasimba (inaficha kwa ufunguo wa siri) mazungumzo ya nodi mbili kwa CCMP, njia ya usimbaji ya Wi-Fi, lakini tangazo kwa kundi haliwezi kusimbwa. Linakwenda wazi. Mtu mwenye bodi kama yangu akikaa barabarani anaweza kusikiliza, na akitaka atatuma "fungua zote" na valvu zitatii, maana hazina njia ya kujua nani kasema.

Jambo la pili: tangazo halina uthibitisho wa kupokelewa. Niliziambia nodi zijibu, zikajibu zote kwa mara moja, majibu yakagongana hewani. Waliotunga CoAP, itifaki ya wavuti ya vifaa vidogo, walikutana na hili zamani. Kifaa kilichopokea ombi la kundi hungoja muda wa kubahatisha kabla ya kujibu, na kawaida yao ni ndani ya sekunde 5. Nimeiga. Sekunde mbili zinatosha kwa nodi nane.

Jumapili, 22 Juni

Wiki nzima nimekuwa nikijenga ulinzi wangu juu ya tangazo. Niliangalia kwanza Group OSCORE, kazi ya IETF (jumuiya inayotunga viwango vya intaneti) inayolinda ujumbe wa CoAP wa kundi. Imefikiriwa vizuri sana, ila inataka CoAP na mimi hata IP, itifaki ya intaneti, sina. Nimeazima mawazo, nimeacha msimbo.

Kundi zima lina ufunguo mmoja wa biti 128 wa AES, kanuni ya kusimba. Kila fremu inasimbwa kwa AES-CCM, mtindo wa AES unaosimba na kuthibitisha kwa pamoja, na kufungwa kwa muhuri wa baiti 8. Muhuri usipolingana, nodi inatupa fremu bila kuifikiria. ESP32 ina saketi ya AES ndani ya chipu, kwa hiyo kazi hii haisikiki.

CCM inadai nonsi, nambari isiyowahi kurudiwa chini ya ufunguo uleule; nimechagua ya baiti 13. Yangu ina kitambulisho cha kundi (baiti 2), toleo la ufunguo (1), mtumaji (1), kihesabio (4), na sufuri tano za kujazia. Kihesabio kinapanda kwa kila fremu, na hicho hicho kinazuia marudio: nodi inakumbuka kikubwa ilichokiona, na chochote kisichokizidi kinakataliwa. Mtu aliyerekodi "fungua" ya jana hawezi kuicheza leo.

Pia nimebadilisha maana ya amri. Zamani ilikuwa "geuza", ikimaanisha iliyo wazi ifunge na iliyofungwa ifungue. Ujinga mtupu. Amri ikifika mara mbili unarudi ulikoanzia. Sasa amri inataja hali inayotakiwa, basi naweza kuirudia mara tatu bila hofu.

Nimefunga shambani jioni. Inafanya kazi.

Jumamosi, 5 Julai

Haifanyi kazi.

Usiku betri ya kibanda iliisha chaji, kiongozi akazimika. Asubuhi jua likapanda, akaamka, akaona ratiba, na valvu mbili zilikuwa wazi tangu jana yake. Akatuma "fungeni". Hakuna aliyefunga. Akarudia mara tatu, akapata kimya, akanyamaza. Nilipofika saa nne tangi lilikuwa tupu na vipande viwili vimekuwa majaruba ya mpunga.

Baba mdogo hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu:

"Hiyo mashine inajua kwamba hawakumsikia?"

"Inajua, baba."

"Sasa mbona haikusema?"

Sikumpa kiongozi pa kulalamikia. Leo nimefunga king'ora kidogo kibandani, kinalia nodi yoyote isipojibu ndani ya dakika moja.

Chanzo nimekipata saa sita mchana, nikiwa nimekaa kivulini na kompyuta mapajani. Kihesabio cha kiongozi kinaishi kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Alipozimika kilirudi sufuri. Valvu zilikuwa zimeshaona 611, zikaiona amri yake ya kwanza kama kitu cha zamani kinachochezwa upya, zikaitupa. Zilifanya nilichoziagiza.

Nikaanza kuandika marekebisho ya haraka: nodi isiposikia kitu kwa saa nzima, ikubali kihesabio kidogo. Mistari minne. Nimeifuta kabla ya kuihifadhi. Mwizi wa marudio angehitaji tu kungoja saa moja ya ukimya.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Sikukuu, nimekaa nyumbani na tatizo la Jumamosi, na limezidi kuwa baya kadiri ninavyolitazama. Valvu kugoma kulikuwa bahati. Balaa lenyewe ni kwamba kiongozi alipoanza tena kutoka sufuri alitumia nonsi zilezile chini ya ufunguo uleule. CCM inasimba kwa kuchanganya ujumbe na mkondo wa biti unaotokana na ufunguo na nonsi. Nonsi ikirudi, mkondo unarudi. Msikilizaji mwenye fremu mbili za nonsi moja akizichanganya, mkondo unajifuta na anabaki na tofauti ya jumbe mbili. Akijua mmoja, kaupata na wa pili. Jumbe zangu ni "funga" na "fungua". Hata mtoto angekisia.

Kumbe ufunguo wa siku ile ya Juni ulikufa Jumamosi alfajiri. Nimeubadilisha.

Dawa ni kuhifadhi kihesabio kwenye flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, lakini siyo kila fremu. Sekta ya flashi huvumilia kufutwa takriban mara 100,000, na ingawa maktaba ya NVS (programu ya kuhifadhi data kwenye flashi) inasambaza uchakavu, sipendi kuandika ovyo. Kwa hiyo kiongozi anakata kipande. Akiamka anasoma kikomo kilichohifadhiwa, anaandika kikomo kipya kilichoongezeka 256, na *baada ya kuandika* ndipo anaanza kutumia nambari za kipande hicho. Akizimika katikati, zilizobaki zinapotea na hakuna anayezililia. Kihesabio cha biti 32 kinabeba vipande milioni 16.7, hata angekuwa anazimika kila dakika, ingechukua zaidi ya miaka 31 kuvimaliza.

Upande wa valvu kuna kioo cha tatizo hilo. Valvu ikizimika inasahau kikubwa ilichokiona, na hapo rekodi ya zamani itapita. Nimeamua nodi inayoamka isitii tangazo lolote kabla ya kumtumia kiongozi nambari ya kubahatisha, peke yao wawili, na kurudishiwa nambari hiyo pamoja na kihesabio cha sasa. CoAP inafanya hivi kwa chaguo la Echo, RFC 9175 (hati ya viwango vya intaneti) ya mwaka 2022. Na jambo la kwanza kabisa nodi ikiamka ni pigo la kufunga, maana solenoidi ya kushikilia inabaki ilipoachwa na nodi haijui iliachwaje.

Ijumaa, 18 Julai

Kipima unyevu namba 2 kimeibiwa. Paneli, betri, bodi, mpaka kigingi. Aliyechukua alitaka paneli ya kuchajia simu, sina shaka. Lakini ndani ya bodi ile kuna ufunguo wa kundi.

Nilitaka kujua hatari ni kubwa kiasi gani, nikachukua bodi ya akiba yenye programu ileile, nikachomeka waya wa USB, nikasoma flashi yote. Nilikuwa na ufunguo kabla chai haijapoa. ESP32 inaweza kusimba flashi yake na kukataa programu isiyo na saini, kwa fyuzi zinazochomwa mara moja tu ndani ya chipu. Sikuziwasha kwa kuwa niliogopa kuharibu bodi wakati bado najaribu. Sasa nitaziwasha, moja moja, kwa mikono inayotetemeka.

Nimekumbuka taa za Philips Hue. Mwaka 2016 watafiti Eyal Ronen, Adi Shamir na wenzao walipima matumizi ya umeme ya chipu na kuupata ufunguo wa AES-CCM uliolinda masasisho ya programu za taa hizo. Taa za aina moja zilitumia ufunguo mmoja, basi taa moja iliyofunguliwa maabara ikawa mlango wa nyingine zote, na walionyesha hata kwa droni. Kundi langu dogo lilikuwa na ugonjwa huo huo, tena mimi sikuhitaji hata kupima umeme.

Halafu swali la aibu: kipima unyevu kilikuwa na ufunguo wa kundi kwa kazi gani? Hakipokei amri. Kinampa kiongozi kipimo, basi. Niliupakia ufunguo kwenye bodi zote kumi na mbili kwa kuwa ilikuwa rahisi kuandaa faili moja. Kuanzia leo vipima viko nje ya kundi, kila kimoja na ufunguo wake wa wawili na kiongozi.

Jumapili, 27 Julai

Kubadilisha ufunguo bila kutembea shamba zima na waya. Kiongozi anazalisha mpya, anamtumia kila mwanachama aliyebaki peke yake kwa ufunguo wao wa wawili, na anaacha wa zamani papo hapo. Nilishawishika kuuacha wa zamani ufanye kazi siku moja kwa ajili ya wachelewaji. Lakini aliyefukuzwa ndiye anayeushika, kumpa siku moja ni kumpa siku ya kufanya kazi. Nodi ikisikia toleo la ufunguo isilolijua, inamwuliza kiongozi faraghani.

Valvu saba zilipokea. Ya nane ikakataa kusajiliwa. Nilibadilisha bodi, nikabadilisha antena, nikaitukana kwa Kigogo na Kiswahili. Ilikuwa namba tu: ESP-NOW kwa kawaida inakubali wenza saba wenye usimbaji, na ni lazima uipandishe mwenyewe kwenye mipangilio, mwisho ni 17. Kwangu ni 11 pamoja na vipima na akiba. Nusu ya Jumapili imekwenda hapo.

Nilisoma pia kuhusu mti wa funguo, RFC 2627 ya 1999. Ukiwa na wanachama 1,024 na ukamfukuza mmoja, kwa njia yangu unatuma jumbe 1,023. Kwa mti wa matawi mawili zinatosha kama 20, kwa kuwa makundi madogo yana funguo zao za kati. Ni kazi nzuri. Kwa valvu nane ni kununua lori la kubebea mkungu wa ndizi.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Nimeenda Nzuguni, Dodoma, na baba mdogo kuangalia maonyesho. Kila kibanda cha umwagiliaji aliuliza, "Na hii yenu ikiibiwa?" Hakuna kazi iliyofanyika leo.

Jumapili, 24 Agosti

Wizi ule uliniachia mwiba mwingine. Valvu nane bado zinashiriki ufunguo mmoja. Muhuri wa CCM unasema "mmoja wetu kasema". Hausemi "kiongozi kasema". Nodi moja ya valvu ikiibiwa, kabla sijagundua, inaweza kujifanya kiongozi mbele ya saba nyingine.

Njia mbili nilizipima. Moja ni TESLA, RFC 4082 ya 2005: kiongozi anafunga ujumbe kwa ufunguo ambao hajautoa bado, anautoa baadaye kidogo, na nodi inathibitisha kwamba unatoka kwenye mnyororo wa hashi (hesabu ya njia moja isiyorudishika nyuma) unaojulikana kwake. Ni nyepesi kwa baiti na kwa betri. Lakini inataka saa zinazokaribiana, na nodi lazima ingoje ufunguo ufichuliwe. Kwa vipimo vya hali ya hewa ningeichukua. Kwa "fungeni" sitaki tegemeo jingine katikati.

Njia ya pili ni saini ya kidijitali ya Ed25519. Ufunguo wa siri uko kwa kiongozi peke yake. Kila valvu ina ule wa hadharani, baiti 32, ambao mwizi akiupata hana cha kuufanyia. Saini inakula baiti 64. Fremu yangu sasa: kichwa 9, amri 12, muhuri 8, saini 64, jumla 93. Kwenye ESP-NOW hiyo si kitu. Kwenye redio za 802.15.4, zile za vifaa vidogo vya umeme kidogo, ambazo fremu nzima ni baiti 127, ningekuwa nahesabu kila baiti kama nauli ya mwisho wa mwezi.

Kuhakiki saini ni kazi nzito kwa chipu kuliko muhuri, kwa hiyo mpangilio una maana: kihesabio kwanza, muhuri wa pili, saini ya mwisho. Mpita njia asiye na ufunguo wa kundi anaishia kwenye muhuri na hachoshi betri yangu.

Na hapa nilikuwa nimejichimbia shimo. Toleo la kwanza lilihifadhi kihesabio kipya mara muhuri ulipopita, kabla ya saini. Nodi iliyoibiwa ingetuma fremu yenye kihesabio cha bilioni nne. Saini ingekataliwa, sawa, lakini valvu ingeshaandika bilioni nne na kuwa kiziwi kwa kiongozi wa kweli. Mstari mmoja kuwa juu ya mwingine. Nimeushusha.

Jumamosi, 13 Septemba

Betri. ESP32 ikisikiliza redio inavuta karibu miliampia 100. Betri yangu ya 2,600 mAh inaisha kwa siku moja na kidogo. Nodi lazima zilale, na aliyelala hasikii kengele.

Sasa kila valvu inaamka kila sekunde 10 na kusikiliza robo sekunde. Kiongozi akitaka kutangaza anarudia kwa sekunde 12, mara kumi kila sekunde, ili kila mmoja aikute angalau mara moja akiwa macho. Nikijumlisha muda wa kuwaka, nodi iko macho kama nusu sekunde kati ya kumi, wastani wa miliampia 5. Kwa hesabu hiyo chipu inakaa wiki tatu bila jua, ingawa kirekebisha umeme cha bodi kinakula chake. Kihesabio kinahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya RTC, ambayo haifi usingizini.

Lakini nodi zinaamka kwa zamu, na nikiziacha zifunge kila moja inaposikia, narudi kwenye viunganishi vya Juni. Kwa hiyo kila fremu inabeba "tenda baada ya sekunde kadhaa", na idadi inapungua fremu hadi fremu. Nikaandika, nikajaribu, valvu nane zikalia "taka!" pamoja. Kisha nikaganda. Fremu 120 za amri moja, maudhui tofauti, na mimi nilikuwa nazituma zote kwa kihesabio kimoja kwa kuwa moyoni niliziona kama marudio ya ujumbe uleule. Nonsi moja mara 120! Baada ya yote yale ya Sabasaba.

Kila fremu sasa ina kihesabio chake na saini yake, na ndani kuna namba ya amri ambayo valvu inaitumia kujua kwamba imeshaisikia hii. Kipande cha kihesabio nimekipandisha kutoka 256 hadi 1,024 ili flashi ipumue.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku saba bila king'ora. Jana usiku nilichomoa betri ya kiongozi makusudi katikati ya tangazo, nikairudisha baada ya dakika mbili. Valvu zote nane zilikuwa zimefunga kabla sijafika ya kwanza na tochi.

Fyuzi zimechomwa kwenye bodi sita. Moja niliiua kwa kuchoma ufunguo usio sahihi, imekuwa kibebeo cha funguo za pikipiki. Zimebaki mbili za valvu na ya kiongozi, ambaye namwacha mwisho. Baba mdogo ameomba king'ora kiongezwe sauti, anasema akiwa upande wa bwawa hakisikii.